Pua ya Kuazima

Tamasha la vyakula na mvinyo si mahali pa kupeleka watoto wadogo, na asubuhi ile kila mtu alimwambia Mama Mchuzi hivyo kwa namna yake. Mlinzi wa getini aliwatazama wale wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa minne, akawafunga karatasi za njano mkononi, akasema mwenye njano asionekane upande wa mvinyo. Mpishi wa keki, ambaye meza yake ilipangwa jirani, aliuliza kama huko kwao hakuna hata jirani mmoja mwenye huruma. Mama Mchuzi aliwajibu wote jibu moja: baba yao yuko safarini na lori, na dada wa kazi ameomba ruhusa kwenda kwao. La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa uongo mtupu, maana nyumba ile haijawahi kuwa na dada wa kazi hata siku moja.

Ukweli ni kwamba bila yule wa miaka minane asingethubutu kuwasha jiko mbele za watu.

Jina la Mama Mchuzi alipewa kazini, katika jiko la hoteli alikokaa miaka kumi na mmoja, na hakulipata kwa kupendwa. Mkono wake ulikuwa mzuri, lakini kilichomtofautisha na wengine kilikuwa pua. Mpishi Mkuu, ambaye wote walimwita Mkuu tu, alikuwa akipenda kuwasimulia wageni kwamba huyu mama akiwa bado anapanda ngazi anaweza kukuambia maziwa ya sufuria gani yanataka kuungua. Sasa Mkuu alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Alishawaambia wakubwa wa hoteli jiko atamwachia nani, akabakiza kulitangaza tu, na alitaka kulitangaza hapo tamashani, mbele ya watu wanaojua chakula. Mama Mchuzi alikuwa amelingoja tangazo hilo tangu alipokuwa anamenya viazi.

Ila miezi mitano nyuma mafua yalimlaza wiki nzima, na yalipoondoka yaliondoka na pua yake. Haikuwa imeziba. Hewa iliingia na kutoka vizuri tu, lakini haikuleta kitu. Kitunguu kikiiva kwenye mafuta, sabuni ya kufulia, kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga, vyote vikawa sawa na maji ya bomba. Ulimi ulibaki unajua chumvi, sukari, ukali wa limau na uchungu, basi. Muuguzi wa zahanati alimpa matone, akasema kuna ambao hurudiwa upesi na kuna ambao huchelewa. Kundi la tatu hakulitaja, na Mama Mchuzi si mtoto, alilielewa bila kutajiwa.

Hakumwambia mtu. Mume wake alipouliza kwa simu alimwambia ni mafua kidogo tu, kesho kutwa atakuwa sawa. Dada alijua kwa bahati mbaya tu. Ndivyo walivyomwita binti, Dada, kwa kuwa ndiye mkubwa. Jioni moja maziwa yaliungua jikoni hadi moshi ukafika chumbani, na mtoto akaja mbio na kumkuta mama yake amesimama palepale kando ya sufuria, anakata karoti.

“Mama, husikii?”

“Sisikii, mwanangu,” akasema. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia, na mtoto akazima jiko.

Kazi yao ilianza kesho yake. Mama Mchuzi alinunua mizani ndogo ya kupimia unga na daftari lenye mistari. Kila jioni alipika mchuzi wa hotelini katika sufuria ndogo ya nyumbani, na Dada akapanda kigoda, akanusa, akaonja, akasema. Pilipili manga imetangulia. Kitunguu bado kibichi. Siagi imeungua, lakini kwa mbali. Mama aliongeza, akapunguza, akaandika gramu, na siku ya pili kazini akapima vilevile bila kukosea hata chembe. Wenzake walicheka kwamba amegeuka duka la dawa. Lakini michuzi ilitoka safi, na kuna mgeni mmoja alituma salamu jikoni kwamba siku hizi ni mizuri kuliko zamani. Salamu hizo zilimuuma, na hakuwa na wa kumwambia kwamba zimemuuma.

Aliyebaki nje ya siri ni mdogo, yule wa miaka minne. Huyo alirithishwa jina la babu yake, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Babu, naye akalibeba jina lile kwa heshima zote: alitembea mikono nyuma, na akiingia chumbani alikikagua kwanza. Babu aliisikia “sisikii” ya mama yake akaichukua alivyoweza. Lugha yetu imefanya ubahili kidogo hapo. Imewapa sikio na pua kitenzi kimoja wagawane, na mtu wa miaka minne atakipeleka kwenye lile analolijua. Akaamua kwamba mama yake anakuwa kiziwi. Toka hapo kila alichotaka kumwambia alimvuta shingo kwanza, akamwekea mdomo sikioni na kupaza sauti kama mpiga mnada. Majirani walidhani mtoto amekosa adabu. Mama Mchuzi hakumsahihisha, kwa sababu kumsahihisha kungemlazimu kueleza.

Basi ndivyo walivyofika tamashani watatu. Kwa kawaida hesabu za daftari zingetosha, lakini vitunguu vya siku ile si vya jana, na uyoga ulikuja ndani ya masanduku ya muuzaji mwingine. Alitakiwa kupika kuku kwa mchuzi wa uyoga na krimu, sahani mia mbili, mezani pake pa mwisho kabisa, palipopakana na kamba iliyotenga upande wa mvinyo. Aliwaketisha watoto chini ya meza, nyuma ya kitambaa kirefu, akawapa kalamu za rangi. Kila baada ya muda alishusha kijiko chini kama mtu anayetaka kuokota kitu, na kijiko kilirudi kitupu pamoja na neno.

“Chumvi bado,” kitambaa kilisema.

Saa nne kijiko kilirudi haraka kuliko kawaida.

“Mama, krimu imechacha. Ya kopo la pili.”

Alilitazama lile kopo. Krimu nyeupe, nzito, haina kasoro. Angeimimina yote ndani ya sufuria na kuwalisha watu mia mbili. Aliifunika, akaisukuma pembeni, akafungua kopo jingine. Halafu akainama kuchungulia chini ya meza. Dada alikuwa ameshaendelea kuchora, wala hakuonekana kusubiri asante.

Mpishi wa keki, ambaye mdomo wake ni mkali lakini moyo ni laini, alikuja baadaye na vipande viwili vya keki ya machungwa kwenye karatasi. Aliinua kitambaa.

“Haya, wafungwa, chakula cha mchana.”

Babu alikishika chake kwa mikono miwili, na baada ya muda mfupi hukuweza kujua keki inaishia wapi na uso unaanzia wapi. Dada alikinusa kwanza. Akauma kona ndogo, akafumba macho, akatafuna polepole.

“Machungwa ni ya jana,” alisema. “Siagi ni nzuri. Sukari imezidi, labda kama gramu kumi.”

Mpishi wa keki akabaki ameduwaa, kitambaa bado mkononi. “Huyu ameajiriwa wapi?” akauliza, akacheka, kisha akamgeukia mama. “Ni kweli machungwa ni ya jana. Usimwambie mtu.”

Mama Mchuzi alicheka pia. Lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kipande. Dada alikuwa amekirudisha kwenye karatasi, kizima isipokuwa ile kona, na kukisogeza pembeni.

“Hukipendi?”

“Nimeshajua kilivyo,” Dada alisema.

Hakuna ubaya katika jibu hilo, na mtoto alilisema bila uchungu wowote. Mama yake alisimama wima tena, akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwona binti yake anakula kitu hadi mwisho na kulamba vidole. Alirudi nyuma wiki kwa wiki na hakuipata. Kila alichokikumbuka kilikuwa kijiko, na yeye mwenyewe ameketi mbele yake na daftari, anasema “halafu?” Aliogopa sana. Aliona kwamba jambo alilokuwa akiliita msaada mdogo wa nyumbani limekwisha kufika mbali bila yeye kuangalia.

Mkuu alifika saa sita na kofia yake ndefu, akiwa na kundi la wageni nyuma yake. Aliyefuatana naye bega kwa bega ni mama mmoja mwenye miwani kichwani, muuza mvinyo, ambaye alipita meza hadi meza akiwafanyia wapishi mchezo. Anakuja na gilasi mbili kutoka chupa mbili za mvinyo uleule. Moja ni nzima. Nyingine imeharibiwa na kizibo chake, inanuka kadibodi iliyolowa, na mpishi anatakiwa kuitaja, ila rangi ni ileile na jicho halitakusaidia. Mpishi wa samaki alikuwa amekosea. Mpishi wa nyama alikataa kujaribu, akasema yeye ni mtu wa soda.

“Sasa mlete kwa wangu,” Mkuu akasema, na kila mtu alisikia raha iliyokuwa katika sauti yake. “Mama Mchuzi, njoo uwaaibishe hawa. Halafu nina neno la kusema.”

Muuza mvinyo akaziweka gilasi ukingoni mwa meza, kando ya kamba. Mama Mchuzi aliinua ya kushoto, akaizungusha kama alivyowahi kufundishwa, akaweka pua. Hewa. Akainua ya kulia. Hewa. Angeweza kubahatisha, nusu kwa nusu si bahati mbaya sana kwa mtu aliyebanwa. Akazirudisha mezani na kujifanya anafikiri.

Hapo kitambaa kikasogea. Kichwa cha Dada kikatokea pembeni, na ukingo wa meza ulikuwa sawasawa na kimo cha pua yake. Alipita karibu na gilasi zile kama mtoto yeyote anayepita, akasimama kidogo kwa moja, kidogo kwa nyingine. Akarudi nyuma hatua mbili, akamtazama mama yake, akashika sikio la kushoto na kulivuta.

“Wewe wa njano,” mlinzi akasema kutoka upande wa pili wa kamba. “Si nimekataza mvinyo?”

“Samahani, baba. Kalamu yangu ilidondoka,” Dada akajibu, na kweli kiganjani alikuwa na kalamu ya kijani, tayari.

“Haya, Mama Mchuzi,” Mkuu akasema. “Unasikia nini?”

Babu alikuwa ametoka naye, mikono nyuma, keki usoni. Aliwatazama wale watu wazima wote waliokuwa wanamuuliza mama yake swali kwa sauti ya kawaida, akawaonea huruma kwa kutokujua kwao.

“Mama hasikii,” aliwaambia. “Mpaka umwambie sikioni.”

Watu walicheka sana. Mkuu alicheka kuliko wote. “Hata mke wangu ananiambia hivyohivyo, kwamba mimi sisikii. Ni ugonjwa wa wapishi, ubishi.”

Dada naye alicheka, kicheko kifupi cha mtu mzima, kisha akaweka mkono begani kwa mdogo wake. “Ana mafua kidogo tu,” alimwambia Mkuu. “Jana hakulala vizuri. Kesho kutwa atakuwa sawa.”

Yalikuwa maneno ya mama yake mwenyewe. Mama Mchuzi aliyatambua moja moja, pamoja na pale sauti inaposhuka kidogo ili isikike ya kweli. Ndivyo alivyomwambia mumewe kwenye simu, Dada akiwa kwenye kigoda anasubiri kijiko. Ndivyo alivyomwambia Mkuu mwenyewe mara mbili. Mtoto alikuwa ameyapokea kama alivyopokea vipimo vya chumvi, bila kupunguza wala kuongeza, na sasa alikuwa anayapakua mbele za watu vizuri kabisa. Jibu lilikuwepo. Lilikuwa kushoto. Ilibaki kulitamka tu, na jiko lingekuwa lake, na Dada angepanda kigoda tena jioni hiyo, na jioni zote zilizofuata.

“Babu amesema kweli,” Mama Mchuzi akasema. “Sisikii, Mkuu. Si leo tu. Tangu yale mafua sijasikia harufu ya kitu chochote.”

Kicheko kilikatika vipande vipande, kwa jinsi kila mmoja alivyoelewa kwa wakati wake. Mkuu alisogea kwenye sufuria. Alichukua kijiko kisafi, akachota mchuzi wa uyoga, akaonja, akaonja tena.

“Huu nani ameuonja?”

Mama Mchuzi alimtazama Dada, na Mkuu akafuata macho yake.

“Na ya miezi mitano yote?”

“Ni yeye.”

Mkuu alimwangalia mtoto kwa muda. Inawezekana kulikuwa na hasira pale, na inawezekana kulikuwa na kitu kingine. Uso wa mtu aliyezoea joto la jiko hausomeki upesi. Alitoa mkono, naye Mama Mchuzi akamkabidhi mwiko. Akauweka mikononi mwa mpishi wa samaki.

“Jumatatu uje ofisini kwangu kabla ya wenzako,” alisema, bila ukali. “Sasa hivi chukua watoto, tembea nao. Vaa nguo zako, uwe mgeni.”

Hakusema lile neno alilokuja nalo. Wageni walihamia meza nyingine, na muuza mvinyo, akikusanya gilasi zake, aliona vibaya kuondoka kimya. “Ilikuwa ya kushoto,” akasema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

Mpishi wa keki aliwapa mkate mdogo wa maziwa, wa moto, akawafungia kwenye karatasi bila mzaha wowote. Walitoka hadi kwenye nyasi za nje ya hema, mahali ambapo familia nyingine zilikuwa zimetandika vitenge na watoto wenye karatasi za njano walikimbizana. Babu aliwaona, akaenda kuwakagua, na baada ya kuridhika akaanza kukimbia nao. Mama Mchuzi alivua aproni, akaikunja mapajani. Miguu ilikuwa inamuuma. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuwa na cha kuficha, na badala ya kujisikia mwepesi alijisikia mtu aliyeshushwa njiani na mizigo yake.

Dada alikuwa amenuna. Alisimama mbele ya mama yake na mkate haujaguswa.

“Nilikuonyesha kushoto.”

“Nilikuona.”

“Uliniona, halafu hukusema. Na ilikuwa kweli ni kushoto.”

“Ilikuwa kweli. Hujakosea. Tangu tuanze hujakosea hata mara moja.”

“Sasa kwa nini?”

Mama Mchuzi alitafuta namna ya kueleza na kila alichokipata kilikuwa kikubwa mno kwa mtoto wa miaka minane. “Ule mkate wako unapoa,” akasema mwishoni.

Dada akamega. Akanusa, akatia mdomoni, akafumba macho. Akafumbua, akashusha pumzi, tayari kuanza.

“Usiniambie,” mama akasema. “Kula tu.”

Mtoto aliacha kutafuna. Alimtazama mama yake muda mrefu, mkate umemvimba shavuni, na machozi yakamjaa polepole, ya kweli, yale ambayo hakuyatoa alipokemewa na mlinzi.

“Kwa hiyo nimefukuzwa kazi?” akauliza.

Mama Mchuzi alikuwa amejiandaa kwa Jumatatu. Alishapanga hata atakachomwambia mumewe. Kwa swali hili hakuwa amejiandaa. Kumbe mtoto hakuwa akisaidia tu. Alikuwa na kazi yake, anaijua, anajivunia, na jioni zile za kigoda ndizo saa pekee alizokuwa na mama yake peke yake, wote wawili wameinamia sufuria moja.

“Hujafukuzwa, mwanangu,” akasema. “Mimi ndiye niliyekosea. Nilikuajiri bila kukuuliza, na hata likizo sikukupa.”

Dada alifikiria jambo hilo kwa makini, kama haki ya mtu inavyofikiriwa. Alimeza.

“Kigoda nitapanda?”

“Utapanda. Tutapika tu, tule. Hakuna daftari.”

“Na kitu kikiwa kitamu sana, nikitaka kukuambia, nisikuambie?”

Mama Mchuzi alimvuta, akamketisha mapajani juu ya aproni, akaweka uso kwenye nywele zake, mahali ambapo zamani palikuwa na harufu ambayo asingeweza kuichanganya na ya mtoto mwingine yeyote duniani. Alivuta pumzi hadi mwisho. Hakusikia kitu.

“Hicho niambie,” alisema. “Hicho niambie kila siku.”